Kibarua Aliyetafutwa Upande Mmoja

Mimi nilizikwa nikiwa Goma, napakua saruji. Sikujua. Labda siku hiyo nilikula vizuri, ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nikalala. Huku kwetu Masaba walikuwa wameng'oa mgomba mchanga, wakaufunga shuka, wakaushusha kaburini mahali pa mwili wangu, na mtu wa kanisa akaomba. Ndivyo nyumba yetu inavyofanya mtu akipotea miaka mingi, ili walio hai watulie.

Siwalaumu. Walinitafuta. Waliuliza hospitali ya Tororo, waliuliza polisi, waliuliza madereva wa malori waliolala Malaba ya Uganda. Hakuna aliyeniona mimi, Owori. Lakini hakuna aliyevuka daraja kuuliza upande wa Kenya, ambako nilikuwa na kitambulisho kingine na jina lingine, kama watu wengi wa mpaka huu. Hapa hayupo, basi amekufa.

Niliporudi na mvi zangu, muuza miwa wa Busia ndiye aliyenipa habari ya kifo changu. Alinitazama usoni, akatazama miguu yangu kama inakanyaga chini, akaondoka akaacha muwa haujamenywa.

Sasa, mtu aliyezikwa hivyo ana sheria zake. Haingii kwao kwa lango. Wazee wachinje kondoo nje ya boma, wang'oe ule mgomba kaburini, watoboe njia nyuma ya nyumba, ndipo aingie huko kama anayezaliwa. Akipita langoni kabla ya hayo, damu ya mtu wa boma hilo itamwagika. Nilipokuwa mdogo niliyasikia hayo nikacheka. Niliporudi sikucheka. Mama alikuwa amekufa. Katika boma alibaki dada yangu mkubwa, Ajambo, aliyenilea mgongoni, na sasa macho yake yalikuwa yamezimika yote mawili. Nikasema nitawaendea wazee mwezi ujao. Nilisema hivyo miaka minne.

Nilipata kazi ya kulinda lango kwenye zahanati ndogo ya Busia, upande wa Uganda, kilomita chache tu kutoka kwetu. Muuguzi mkuu aliitwa Peninah, mama mpole lakini mkali akiona uchafu. Pale nilikutana na Lorine, binti wa upande wa Kenya mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta. Alikuwa ameitengenezea zahanati programu ya kuwapigia simu wagonjwa wa moyo. Walikuwa kumi na mmoja, wote wanameza dawa ya kulainisha damu. Dawa ile ni ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti na haina mchezo. Ukiiacha, damu inaganda. Ukizidisha, damu inavuja mwilini popote inapopata njia.

Kila siku saa moja asubuhi kompyuta ilimpigia kila mgonjwa, akasikia sauti katika lugha yake ikimwambia saa ya dawa imefika. Walitafuta sauti. Mimi nimezunguka, nina lugha nne za hapa na mbili za mbali, kwa hiyo Lorine akanikalisha mbele ya kipaza sauti. Nilisoma orodha ya wagonjwa kabla ya kuanza. Wa tisa alikuwa Ajambo wa Masaba. Ningeweza kusema nina kikohozi. Sikusema. Nilijiambia simu hubadilisha sauti, na miaka hubadilisha zaidi, nikatamka kwa Lusamia, lugha ya kwetu: amka, ni saa ya dawa, meza kidonge kimoja, unywe maji.

Peninah alikuwa amemfundisha Ajambo kwa namna ya asiyeona. Ukisikia sauti ile, kata simu, meza. Usipoisikia, usimeze. Na mtu mwingine yeyote akikupigia kuhusu dawa, usimsikilize, maana matapeli wa simu ni wengi. Ilikuwa njia nzuri, kwa sababu kabla ya hapo Ajambo alikuwa akisahau kama amemeza au bado. Mwaka mzima njia ile ilimweka hai.

Nilipokuwa nafagia chumba cha kompyuta, Lorine alinieleza kazi inavyokwenda, maana alitaka mtu wa kuishughulikia yeye akiwa hayupo. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna kibarua asiyeonekana. Anakaa chinichini siku nzima, na saa moja ikifika anapiga zile simu. Hatari ni vibarua kuwa wawili, maana kila mmoja atadhani kazi ni yake peke yake. Kwa hiyo kibarua akiamka, jambo la kwanza anaandika faili dogo linaloitwa kufuli, na ndani yake anaweka nambari yake. Wa pili akija akalikuta, anajua kazi ina mwenyewe, anarudi.

Shida ni umeme. Umeme ukikatika ghafla, kibarua anakufa bila kuondoa kufuli lake. Faili linabaki, mwenye faili hayupo. Kompyuta ikiwashwa tena, kila kibarua mpya anaona kufuli anaogopa, na wagonjwa hawapigiwi. Dawa ya hilo Lorine alinifundisha: fungua kufuli, soma nambari, kisha tazama orodha ya vibarua walio hai. Nambari ikiwamo, usiguse. Isipokuwamo, futa kufuli, uwashe kibarua mpya.

Niliielewa kazi hiyo kuliko Lorine alivyodhani. Ujana wangu nilikuwa taniboi wa malori, msaidizi wa dereva, Mombasa hadi Kampala na mbele. Lori likiharibika, taniboi anakata matawi anayatandaza barabarani nyuma yake, mwenye gari lingine ajue mbele kuna jambo. Lori likipona, dereva anaondoka. Nani anashuka kuokota matawi? Yanabaki pale mpaka yakauke. Ukikaa barabarani miaka kumi unajifunza kuyapita tu. Unatazama mbele, huoni lori, unakanyaga. Kwa hiyo mvua zile za Aprili, umeme ukikatika kila siku ya pili, mimi nilifuta makufuli ya vibarua waliokufa labda mara ishirini. Sikukosea hata moja. Peninah akaanza kuniita injinia, na mimi nikaanza kuitika.

Kisha Lorine akaleta wazo la kompyuta ya pili. Aliiweka dukani kwake, Busia ya Kenya, ambako umeme ulikuwa afadhali. Kompyuta mbili, folda moja, zikikutana kupitia intaneti. Orodha ya wagonjwa moja, kufuli moja. Ya Uganda ikilala, ya Kenya iamke ipige zile simu nusu saa baadaye. Lilikuwa wazo zuri, bado nasema hivyo.

Jumapili moja alipata msiba Kakamega. Akanipigia akiwa njiani. Alisema nivuke, nichukue ufunguo kwa jirani yake, niwashe ile kompyuta ya pili iwe tayari. Akaongeza, kwa haraka ya mtu aliye ndani ya gari, kwamba ikilalamika kuhusu kufuli nifanye kama kawaida.

Nilipotoka zahanati asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika. Nikavuka. Nikawasha. Kompyuta ikasema kuna kufuli. Nikafungua, nikasoma: 4127. Nikatazama orodha ya vibarua walio hai, nikaipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini, mara mbili, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nambari hiyo haikuwamo. Nikasema, ndiyo, umeme umemuua yule wa zahanati. Nikafuta kufuli, nikamwamsha kibarua mpya. Akaandika kufuli lake, nambari 880. Nikafunga duka, nikanunua mandazi, nikarudi Uganda na roho safi.

Ijumaa yake, kama saa mbili asubuhi, alikuja Ronald kupimwa damu. Ronald ni mgonjwa wetu, anauza mitumba sokoni upande wa Kenya, hawezi kupita langoni bila kunichokoza.

"Mzee Owori, wewe umenizoea vibaya. Saa moja unaniita. Saa moja na nusu unaniita tena. Bibi yangu ameanza kuuliza huyu mwanaume anataka nini kwangu."

Nikacheka. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Jumatatu. Mimi nilisema mzee amezeeka, anasahau kama ameshanipigia."

"Umemeza mara mbili?"

"Mimi niko na macho. Naangalia kopo, naona cha leo nimemeza, nakata simu. Mpaka uniue kwa njia nyingine."

Wagonjwa kumi wana macho.

Niliingia chumba cha kompyuta nikampigia Lorine. Nyuma yake nilisikia watu wa matanga wakiimba. Nilimweleza aliyosema Ronald. Akaniambia nifungue kufuli nisome.

"Mia nane na themanini," nikasema.

"Hiyo ni ya dukani kwangu. Na hapo ulipo, walio hai ni akina nani?"

Nilitazama. Alikuwapo, mstari wa katikati, hana habari. Tangu mvua zile kompyuta ya zahanati ilikuwa imefungiwa betri, nami sikulikumbuka. Umeme ulipokatika Jumapili ile haikuzimika hata dakika moja.

"Elfu nne mia moja ishirini na saba," nikasema. "Yuko. Hajafa."

"Mzee, ulimtafuta wapi?"

"Kwa kompyuta yako. Hakuwa kwa orodha."

"Hangekuwa. Orodha ya huku ni ya vibarua wa huku. Yeye alikuwa Uganda, anafanya kazi." Akavuta pumzi. "Si wewe. Ni mimi sikuandika kwa kufuli ni la mashine gani. Mzime huyo wa hapo sasa hivi. Wangu nitamzima mimi kwa simu."

Nilimzima. Kisha nikaenda kumwambia Peninah.

Peninah aliacha alichokuwa anaandika. Hakuniita injinia. Alihesabu kwa sauti, Jumatatu, Jumanne, mpaka leo, siku tano, kila siku mara mbili. Akasema mtu wa umri wa Ajambo anaweza kuvujia damu tumboni au kichwani bila kusikia maumivu. Akampigia Ajambo. Simu ilikuwa imezimwa, na sote tulijua sababu. Ajambo huifungua asubuhi tu, akishakunywa chai anaizima, kuokoa chaji mpaka mtu ampelekee simu senta kuchajiwa.

"Aletwe hapa sasa," Peninah akasema. "Na asimeze hata kimoja tena. Mimi siwezi kutoka, kuna mama anajifungua. Chukua Osborn."

Hakujua ni dada yangu. Hakuna aliyejua. Nilitamani kumtuma Osborn peke yake, kijana mwaminifu na bodaboda yake mpya. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Kisha nikapanda nyuma yake.

Njiani alinisimulia habari za mbio za ng'ombe wa mtu fulani walioingia shamba la mihogo. Nilikuwa nasema ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nafikiria lango.

Lango la kwetu si kitu. Ni miti miwili na nafasi katikati, mbuzi wanapita watakavyo. Nilimwambia Osborn asimame nje yake, aingie yeye, aseme ametumwa na Peninah, amlete mama huyo. Akaniuliza kwa nini mimi siingii. Nikamwambia magoti.

Nikasimama. Kutoka pale niliona kaburi langu, kando ya nyumba ya baba. Mgomba ule ulikuwa umeshika. Ulikuwa na majani mapana na mkungu mzito unaoinama. Mtu fulani alikuwa ameuegemeza kwa nguzo ili usianguke.

Osborn alirudi peke yake.

"Mzee, huyu mama amekataa. Anasema yeye haendi popote na sauti hajui. Na iko na damu puani, hata kwa shuka. Anasema ni joto tu."

"Umemwambia asimeze dawa?"

"Nimesema. Ananiuliza mimi ni nani kwa dawa yake."

Ajambo alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, miguu imenyooka, kopo la vidonge kando na simu kando. Hatua thelathini hivi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Niliona akijifuta pua kwa kiganja, akainusa, akajifuta tena.

Nilifikiri hivi: sauti anayoijua ni moja tu duniani. Basi nitaitumia. Sitavuka. Nitasema kutoka hapa nje, atasikia, atainuka, Osborn atamshika mkono. Kondoo atachinjwa siku nyingine.

"Dada," nikaita kwa lugha yetu. "Ajambo. Ni mimi."

Akainua kichwa. Hakuelekea langoni. Alielekea simu. Aliipapasa, akaikuta imezimwa, akaiacha. Akakaa kidogo hivyo, uso umetulia. Kisha mkono wake ukaenda kwenye kopo.

"Usimeze!" nikasema. "Usimeze, dada, nisikilize!"

Lakini alikuwa amefundishwa akisikia sauti ile asingoje mwisho wa maneno. Nilivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kufanya haraka, kama mtu aliyechelewa. Vidonge vililia ndani ya kopo. Niliona kimoja kikiangukia kiganjani.

Sikukumbuka kondoo. Nilipita kati ya ile miti miwili nikikimbia, mzee wa miaka sitini na nane, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Nilipomfikia kidonge kilikuwa juu ya ulimi. Nikatia kidole mdomoni mwake nikakitoa. Kilitoka chekundu. Fizi zake zote zilikuwa zinatoka damu.

Hakupiga kelele. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akapanda nao mpaka kwenye kiwiko, akapata pale nilipoungua uji wa moto nikiwa mtoto mgongoni mwake. Akapasugua kwa kidole gumba.

"Una jasho," akasema.

"Sikufa, dada."

"Nimekusikia mwaka mzima. Siku ya kwanza tu nilijua ni wewe." Alikuwa anasema polepole, akimeza mate kila baada ya maneno mawili. "Kila asubuhi unanipa dawa, nikasema, hata huko aliko ananitunza. Wiki hii ukaanza kurudi mara ya pili. Nikasema sasa ndugu yangu ana haraka na mimi."

"Kwa nini hukumuuliza sista?"

"Aliyezikwa akikuita mara ya pili," akasema, "utakwenda kumuuliza nani?"

Tulimweka katikati ya Osborn na mimi, nikamfunga kwangu kwa shuka kama yeye alivyokuwa akinifunga. Pale zahanati Peninah alimchoma sindano ya kushikisha damu, na gari likampeleka Tororo. Wamempa damu chupa tatu. Daktari amesema tumbo limeacha kuvuja, kichwa bado hawana uhakika, tungoje. Leo ni siku ya sita tunangoja.

Lorine alikuja akalia mbele ya Peninah. Amebadilisha kazi yake. Sasa kufuli linaandikwa nambari pamoja na jina la mashine, na mashine moja haiwezi kulifuta la nyingine bila kwanza kuiuliza yenyewe kama iko hai. Akanieleza yote, nikamwambia ni vizuri. Sauti nayo wameibadilisha. Wamemweka Peninah.

Wazee wa ukoo wamekuja hapa hospitali juzi. Anawaongoza Okia, ndugu wa baba yangu, ambaye ndiye aliyeshika kichwa cha ule mgomba wakati wa kuushusha. Hakunipa mkono. Alikaa mbali, akasema na benchi badala ya kusema na mimi. Alisema mwenye kuzikwa amepita langoni, na siku ileile damu ya mtu wa boma ikamwagika, hata chupa tatu hazijatosha. Alisema kondoo sasa hatoshi.

Nilijaribu. Nilisema damu ilianza kabla sijavuka. Nikasema habari za kompyuta mbili na kufuli moja, na nambari iliyokuwa hai upande mwingine. Walinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyosikilizwa akiwa na homa. Kisha Okia akaliuliza lile benchi swali moja tu.

"Basi aliyemwaga damu ya Ajambo ni nani?"

Nikasema ni mimi.

Wakatazamana, wakainuka. Hatukuwa na la kubishania.

Sasa nakaa kando ya kitanda chake. Analala sana. Akiamka ananitafuta kwa mkono, akinipata anatulia. Lakini nimegundua jambo, na muuguzi wa wodi ameliona pia. Akiwa usingizini nikitamka neno, hata nikimwomba muuguzi maji tu, mkono wa Ajambo unaanza kutembea juu ya blanketi, unapapasa huku na huku, unatafuta kopo.

Kwa hiyo sisemi. Muuguzi akiniuliza kitu namwonyesha kwa kidole, tutoke kwanza nje.